Dreja, hopa au tagi? Ulinganisho wa vyombo vya kazi katika picha za zamani za Mto Clyde

Katika picha za zamani za bandari ya Glasgow, Uskoti, pembeni ya meli kubwa ambayo mpiga picha aliikusudia, mara nyingi huonekana chombo kifupi cheusi chenye minyororo, nguzo na moshi mwingi. Maelezo yaliyoandikwa chini ya picha hukitaja kwa neno moja tu, "kreni" au "boti", au hayakitaji kabisa. Nasikitika kila ninapoyaona maelezo ya namna hiyo, kwa sababu bila vyombo hivyo bandari yenyewe isingekuwapo. Mhandisi John Smeaton alipoupima Mto Clyde mwaka 1755 alikuta mahali ambapo maji yakipwa kina chake hakifiki hata nusu mita. Mto ukabanwa kwa kuta za mawe kufuatana na mpango wa John Golborne wa mwaka 1768, kisha kuanzia mwaka 1824 ukachimbwa kwa mashine ya mvuke, hadi meli za baharini zikaweza kufika katikati ya mji ulio zaidi ya kilomita 30 ndani ya nchi kutoka Greenock, karibu na mdomo wa mto.

Ulinganisho huu umekusudiwa kwa mtu aliye na picha mkononi, iwe ya familia au ya maktaba, na anayetaka kuamua chombo kilichomo ni cha aina gani: dreja inayochimba kina cha mto, hopa inayobeba tope lililochimbwa, au tagi inayovuta meli. Ninashikilia kwamba uamuzi wa kwanza utokane na zana za kazi zinazoonekana juu ya sitaha pamoja na umbo la mwili wa chombo, na kwamba rangi ya dohani (bomba la moshi), jina na tarehe vifuate baadaye. Wengi hufuata njia ya kinyume: huanza na dohani, wakakisia mmiliki, kisha wakatafuta katika orodha ya mmiliki huyo chombo kinachofanana. Njia hiyo ina kasi, lakini kosa likiingia mwanzoni halionekani tena, kwa sababu kila hatua inayofuata hulithibitisha.

Dreja ya ndoo dhidi ya dreja nyingine

Kwa picha za Clyde, chombo cha kwanza kukitafuta ni dreja ya ndoo, yaani meli ya kuchimba kina kwa mnyororo usio na mwisho uliofungwa ndoo za chuma. Mwili wake umekatwa uwazi mrefu katikati, na ndani ya uwazi huo kuna boriti nzito ya chuma iitwayo ngazi, ambayo ncha yake ya chini hushushwa hadi kwenye tope. Ndoo hupanda juu ya ngazi zikiwa zimejaa, huzunguka gurudumu lenye pande bapa lililo juu ya mnara, humwaga mzigo wake kwenye mifereji inayoteremka kulia na kushoto, kisha hurudi chini zikiwa tupu. Kwa hiyo kinachoonekana katika picha ni umbo la pembetatu: mnara wa nguzo katikati ya chombo, na kutoka kileleni mwake mstari wa ndoo unaoshuka kuelekea omo (mbele) au tezi (nyuma). Mifereji ya pembeni ndiyo alama ninayoiamini kuliko zote, kwa kuwa mnara peke yake unaweza kuwa wa chombo kingine, lakini mnara wenye mifereji miwili inayoning'inia juu ya maji ni wa dreja ya ndoo.

Ikiwa picha ni safi na inaweza kukuzwa, zitazame ndoo zenyewe. Ndoo za tope na udongo laini ni kubwa, pana, na mdomo wake ni ukingo mnene uliopinda bila meno. Ndoo za ardhi ngumu ni ndogo kwa ujazo, chuma chake ni kinene zaidi, na baadhi hufungwa kucha mdomoni. Kati ya ndoo na ndoo huweza kuwekwa kiungo chenye kucha tupu, kisichobeba kitu, ambacho kazi yake ni kung'oa. Ndoo zinazopanda zikiwa na mng'ao wa maji na zinazoshuka zikiwa zimefunikwa na kivuli, chombo kilikuwa kazini wakati picha ilipopigwa. Mnyororo wote ukiwa mkavu na ncha ya chini ya ngazi ikionekana juu ya maji, kilikuwa kimepumzika au kinahamishwa.

Kuna pia kamba. Dreja ya ndoo haitembei kwa rafadha, yaani propela, inapochimba, bali hushikiliwa na nanga au minyororo iliyotandazwa mbele, nyuma na pande zote mbili, kisha winchi huivuta taratibu kutoka upande mmoja hadi mwingine, ikifyeka sakafu ya mto kwa mkato wa upinde. Chombo kilichosimama katikati ya njia ya meli, minyororo ikizama majini kwa mteremko pande zote, huku tishari, chombo cha kubebea tope, likiwa limefungwa ubavuni chini ya mfereji, hakihitaji mjadala mrefu.

Dreja ya kufyonza haina mnara huo. Mwili wake ni mrefu kama wa meli ya mizigo, katikati kuna tumbo la kuhifadhia mchanga, na ubavuni au ndani ya uwazi wake hulala bomba nene lenye kiungo cha kupinda, likiwa limening'inizwa kwa mikono ya chuma inayotokeza nje ya ukingo. Hapa jiografia inasaidia sana. Mdomo wa Mto Mersey, karibu na Liverpool, una mchanga mwingi unaofaa kufyonzwa, na ndiko ilikofanya kazi Leviathan ya mwaka 1909, dreja ya kufyonza iliyoweza kubeba takriban tani 10,000 za mchanga. Sakafu ya Clyde ina udongo mgumu uliochanganyika na mawe, ambao pampu haiufai na ndoo huumudu. Mtu asiyejua picha ni ya mto gani na anayeona bomba refu ubavuni afikirie Liverpool kabla ya Glasgow, ingawa mahali pekee pasipewe nafasi ya kuamua pale ambapo zana zinaonekana wazi.

Dreja ya kuchota kwa taya ni rahisi zaidi: ina kreni moja au zaidi juu ya sitaha, na katika ncha ya kamba ya kreni huning'inia taya mbili za chuma zinazofunga na kufungua. Ilitumika hasa karibu na kuta za gati na katika pembe za mabwawa ya bandari, ambako dreja ya ndoo na minyororo yake mirefu haikuweza kujigeuza. Taya zikiwa zimezama majini wakati wa picha, chombo hicho huonekana kama kreni ya kawaida inayoelea. Tofauti itafutwe katika mwili wake: kreni inayoelea huwa na jukwaa pana la mstatili na sitaha tupu, ilhali dreja ya taya mara nyingi ina umbo la meli na tumbo lililo wazi mbele au nyuma ya kreni.

Chombo kinachonisumbua kuliko vyote ni kile cha kuvunja miamba. Mwaka 1854 meli iitwayo Glasgow ilikwama Elderslie, karibu na Renfrew, na ndipo ikagundulika kwamba mwamba umekatiza njia ya maji. Kuuondoa kulichukua miaka mingi ya kutoboa na kulipua kwa baruti. Baadaye kampuni ya Lobnitz ya Renfrew ilitengeneza chombo kinachonyanyua mhimili mzito wa chuma wenye ncha kali na kuuachia uanguke juu ya mwamba, na vyombo vya aina hiyo vilitumika katika Mfereji wa Suez. Katika picha kina mnara mrefu kama dreja ya ndoo, na kwa mbali viwili hivyo hufanana mno. Angalia mambo mawili. Mnara wa kivunja miamba husimama wima bila mstari wa ndoo kushuka kutoka kileleni, na hakuna mfereji wa kumwaga chochote, kwa sababu chombo hicho hakiinui kitu kutoka majini. Vipande vya mwamba huachwa vilipo hadi dreja ije kuvizoa.

Mtego wa Renfrew

Picha zilizopigwa Renfrew zinahitaji tahadhari ya pekee. Karakana za William Simons na za Lobnitz zilikuwa jirani katika mji huo mdogo, na kwa muda mrefu zilikuwa miongoni mwa wajenzi wakubwa wa dreja duniani hadi zilipounganishwa mwaka 1959. Simons waliohamia hapo mwaka 1860 ndio waliojenga mwaka 1872 dreja iliyochimba na pia kubeba tope lake tumboni, bila kusubiri tishari. Paisley nako, kwenye Mto Cart, Fleming & Ferguson walikuwa wakijenga dreja. Kutokana na hayo, dreja inayoonekana Renfrew huenda haikuchimba hata ndoo moja ya tope la Clyde: ilijengwa pale, ikajaribiwa, ikaondoka kwenda India, Australia au Amerika Kusini.

Kati ya dreja mpya inayosubiri kuondoka na dreja ya mto iliyo kazini, tofauti hujitokeza katika uchakavu. Dreja ya mto huwa na mikwaruzo mirefu ubavuni pale matishari yalipoisugua, mifereji yake imebanduka rangi ndani, na tope lililokauka limetapakaa sitahani. Dreja mpya ina rangi isiyo na doa hata kwenye ndoo, na karibu yake huwa na kreni na majukwaa ya karakana, wala haina tishari hata moja. Ukikuta dreja ya namna hiyo usiitafute katika orodha ya Clyde Navigation Trust, mamlaka iliyousimamia mto tangu mwaka 1858 hadi 1966. Itafute katika orodha za wajenzi.

Hopa dhidi ya meli ndogo ya mizigo

Tope likishachimbwa lazima lipelekwe mahali. Hapo awali matishari yalipakuliwa kwa koleo na mikokoteni ya mkono kando ya mto, kisha kuanzia mwaka 1862 zikaja hopa za mvuke, vyombo vinavyojiendesha vyenyewe, ambavyo vilipeleka tope Loch Long na baadaye mbali zaidi, nje ya Garroch Head kusini mwa kisiwa cha Bute. Hopa za Clyde ziliitwa kwa namba tu, na pengine hiyo ndiyo sababu zinasahaulika upesi kuliko tagi zenye majina mazuri.

Hopa iliyojaa huonekana kama inazama: ukingo wake karibu unalingana na maji, na mtu asiyeijua hudhani ni meli ya mizigo iliyopatwa na ajali. Hopa tupu huelea juu sana. Hali zote mbili huchanganywa na meli ndogo za pwani, zikiwemo zile fupi za Uskoti zilizojengwa kwa urefu wa takriban mita 20 ili zipite katika vizuizi vya maji vya mfereji wa Forth na Clyde. Meli hizo za pwani zina mlingoti mmoja mbele wenye boriti ya kupakilia, na mlango wa shehena yake hufunikwa kwa mbao na turubai. Hopa haina haja ya kufunika tope. Juu ya tumbo lake hupita boriti ya urefu wote, na kwenye boriti hiyo zimepangwa winchi na minyororo inayoshikilia milango iliyo chini kabisa ya chombo. Mzigo hautolewi kwa juu, bali milango hufunguliwa na tope likaanguka baharini. Ukiiona safu ya minyororo mifupi inayoshuka wima ndani ya tumbo, chagua hopa, hata kama dohani na daraja la nahodha vyote viko nyuma kama vya meli ya mizigo.

Tagi ya magurudumu dhidi ya tagi ya rafadha

Tagi hutambulika kwa nafasi tupu iliyo nyuma yake. Ndoano ya kuvutia haifungwi kwenye tezi kabisa, bali karibu na katikati ya chombo, nyuma kidogo ya dohani, ili chombo kiweze kugeuka kamba ikiwa imekazwa. Ndiyo maana sitaha yote kutoka hapo hadi nyuma huachwa wazi, na juu yake hupita matao machache ya chuma yanayozuia kamba isinase kwenye vifaa. Omo limeinuka, tezi limeshuka karibu na maji, na ukingo mzima umezungushiwa dafrau nene za kamba au mbao, yaani vizuizi vya kukinga ubavu usigongwe. Chombo kidogo chenye dohani kubwa lakini kisicho na nafasi hiyo tupu huenda ni boti ya abiria, ya marubani au ya ukaguzi.

Kati ya tagi ya magurudumu na ile ya rafadha, kasha la gurudumu lililotokeza ubavuni huamua mara moja, mradi picha imepigwa kutoka pembeni. Ikipigwa kutoka mbele au nyuma, tazama upana: tagi ya magurudumu huonekana pana mno kwa urefu wake, na mawimbi ya povu hutoka katikati ya ubavu badala ya nyuma. Dohani mbili, ziwe zimesimama sambamba au moja mbele ya nyingine, zilikuwa za kawaida kwa tagi za magurudumu za karne ya 19.

Hapa kuna kosa linaloenea sana, la kudhani kwamba magurudumu yanathibitisha karne ya 19. John H. Amos, tagi ya magurudumu iliyojengwa Paisley na karakana ya Bow, McLachlan kwa ajili ya Mto Tees wa Uingereza, ni ya mwaka 1931, na jeshi la majini la Uingereza liliagiza tagi saba za magurudumu zenye injini za dizeli na umeme katika miaka ya 1950. Bow, McLachlan hao ndio waliojenga pia tagi Kavirondo, iliyosafirishwa kwa vipande na kuunganishwa Kisumu kwa kazi ya Ziwa Victoria, kwa hiyo msomaji wa Kenya au Uganda mwenye picha za zamani za gati la Kisumu anaweza kuwa anatazama kazi ya mikono ileile. Vilevile jina la karakana halielezi aina ya chombo: Lobnitz, waliojulikana kwa dreja, ndio waliojenga mwaka 1935 tagi ya mvuke William C. Daldy, ambayo ipo Auckland, New Zealand.

Ugumu mwingine ni tagi iliyokuwa pia chombo cha kupeleka abiria kwenye meli kubwa. Ina ndoano kama tagi, lakini sitaha yake ya juu imerefushwa, ina reli, mabenchi na boti za kuokolea watu zaidi ya zinazohitajiwa na mabaharia wachache. Zana zikipingana namna hiyo, andika kazi zote mbili. Vyombo hivyo vilijengwa hasa kwa kazi hizo mbili.

Dohani, jina na tarehe

Baada ya aina kujulikana, dohani inapewa nafasi yake. Filamu na vioo vya picha vya zamani havikuuona wekundu: chochote chekundu kilitoka cheusi au karibu na cheusi, na buluu ikatoka nyeupe. Filamu zilizoona rangi zote zilienea polepole katika miaka ya 1920 na 1930. Kwa hiyo dohani nyeusi katika picha ya mwaka 1900 inaweza kuwa nyeusi kweli, au nyekundu, au nyekundu yenye ncha nyeusi, na mistari ya kampuni inaweza kumezwa yote. Bendera iliyo katika picha hiyohiyo, ikiwa rangi zake zinajulikana, ni kipimo kizuri: wekundu wake ukitoka mweusi, usiamini weusi wa dohani.

Majina ya tagi za Clyde yanasaidia hata yakisomeka nusu. Tagi za Clyde Shipping Company zilianza na neno Flying, na za Steel & Bennie zilichukua majina kama Wrestler, Cruiser na Brigadier. Lakini majina yalirithiwa na chombo kipya cha kwanza kilipouzwa, na chombo kilichouzwa kikapewa jina jingine. Flying Buzzard iliyojengwa Port Glasgow mwaka 1951 iliitwa Harecraig II ilipohamia Dundee. Ndiyo maana jina lililosomeka lilinganishwe na umbo kabla ya kukubaliwa.

Kwa tarehe, nategemea zaidi kilicho nyuma ya chombo kuliko chombo chenyewe, kwa kuwa dreja iliyotunzwa vizuri ingeweza kufanya kazi miongo mingi bila kubadilika sura. Kreni kubwa ya Finnieston ilikamilika mwanzoni mwa miaka ya 1930, na kreni ya Titan ya Clydebank mwaka 1907. Picha inayoonyesha sehemu ya mto ambako Finnieston ingepaswa kuonekana, nayo haipo, imepigwa kabla. Katika tagi zenyewe, daraja la nahodha lililo wazi bila kibanda huashiria miaka ya mapema, na dohani fupi nene huashiria dizeli, yaani kwa kawaida baada ya Vita Kuu ya Pili.

Chukua basi picha yenye mnara na mifereji miwili, hopa iliyojaa ubavuni, tagi ya rafadha ikipita nyuma yao na kreni ya Finnieston ikionekana juu ya mabohari. Kwa picha hiyo ningeandika: "Dreja ya ndoo ikiwa kazini, na hopa ya mvuke ubavuni, Mto Clyde, Glasgow, miaka ya 1930 au baadaye, tagi ya mvuke yenye rafadha, jina halisomeki." Kisha ningeacha nafasi ya jina la dreja tupu, ijazwe na atakayepata picha ya pili ya chombo hichohicho kutoka upande mwingine.